Programu ya Watoto na Vijana baada ya kanisa kuachana na skauti: maoni ya mama wa watoto watatu (nyota 3 na nusu)

Naandika hii kwa sababu kila baada ya wiki chache kunaingia familia mpya kwenye tawi letu la Kiswahili hapa Utah, wengi ni ndugu zetu wa Congo waliopitia kambi za Tanzania na Uganda, na mama akishapata nyumba na shule ya watoto swali linalofuata ni lile lile, "dada, tuliambiwa kanisa hili ni la maskauti, mbona hatuwaoni? vijana wetu tuwaandikishe wapi?" Nimejibu mpaka nimechoka kujibu kwenye veranda ya kanisa watu wakiwa wanakimbilia magari, kwa hiyo acha niandike yote hapa mtu asome kwa nafasi yake.

Mimi natokea Rabai, Pwani ya Kenya. Tulifika hapa 2011. Nina kijana mkubwa wa 2003, binti wa 2006, na kitinda mimba wa 2010, wote wamelelewa ndani ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho na kila mmoja kakuta zama zake. Mkubwa ni mtoto wa skauti kabisa. Wa mwisho alianza skauti mdogo ikakatwa katikati. Binti hakuwahi kuwa skauti siku hata moja, na huyo nitamrudia maana ndiye aliyenibadilisha mawazo.

Kwanza mjue kitu ambacho mimi nilikikuta kigeni. Kwetu Kenya skauti ni mambo ya shule. Kaka yangu alikuwa skauti shuleni, alipelekwa Nyeri tarehe 22 Februari kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, akarudi akatuchorea mchangani ile alama iliyo kaburini, duara lenye nukta katikati, maana yake nimerudi nyumbani. Kanisa halikuwa na mkono hapo. Huku Utah nikakuta skauti NDIO jioni ya vijana kanisani. Mvulana akifika umri anaandikishwa, kata (yaani usharika wa mtaa) inalipa ada, na askofu, ambaye kwetu ni kiongozi wa kata, ndiye anamwita mtu kuwa skautimasta, kiongozi wa maskauti, kama anavyomwita mwalimu wa Shule ya Jumapili, yaani ni wito wa kanisa. Ndoa hiyo ilikuwa ya zamani sana, kanisa lilikuwa na kundi lake la skauti tangu 1911 na 1913 likaungana rasmi na Boy Scouts of America, likawa mdhamini wao wa kwanza. Mpaka wanaachana, karibu kijana 1 kati ya 5 kwenye skauti nchi nzima ya Marekani alikuwa wa kanisa letu. Rais Thomas S. Monson aliyeongoza kanisa mpaka alipofariki Januari 2018 alikuwa kwenye bodi ya taifa ya skauti tangu 1969. Kwa hiyo mtu wa hapa akikwambia babake, babu yake na wajomba zake wote ni Eagle, cheo cha juu kabisa cha skauti, mwamini tu.

Sasa ilitupa nini? Nitasema yangu. Kijana wangu mkubwa alifika hapa na miaka 8, hana babu hapa, hana mjomba hapa, babake anafanya kazi za usiku. Kwetu mtoto wa kiume akianza kubeba mabega anapelekwa kwa mjomba, anajifunza maneno ambayo mama hawezi kumwambia. Hapa tungempeleka wapi? Basi Jumatano moja anakuja mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, anapiga hodi mlangoni na kitabu cha skauti mkononi, anasema nimekuja kumchukua. Na alikuja kila Jumatano kwa miaka miwili na nusu, hata theluji ikiwa mpaka kwenye magoti. Beji ya huduma ya kwanza, beji ya kupika, beji ya kupanga pesa zake (hiyo wanaandika bajeti na matumizi ya wiki 13, kijana wangu bado ana lile daftari). Ili ufike Eagle unahitaji beji 21, uongoze mradi wa huduma wewe mwenyewe, na umalize kabla hujatimiza miaka 18. Mimi ndiye nilikuwa nashona beji kwenye ule mkanda wa begani, kwa mkono, uzi maradufu, maana zile gundi za pasi zinabanduka ukifua mara moja, na kila nikishona moja namuuliza hii ulifanya nini, ananihadithia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote mwaka ule.

Kambi ya kwanza milima ya Uinta alirudi anaruka, "mama, tumeoka mkate ndani ya sufuria ya chuma, makaa chini na makaa juu ya kifuniko!" Nikamwambia mwanangu hiyo ni kupalia, bibi yako Rabai anapalia wali hivyo hivyo tangu hajaolewa. Hakuamini. Akamwambia mzee, na mzee akaniomba nije kuwafundisha, nikaenda Jumatano moja nyuma ya kanisa na nazi mbili na mbuzi yangu ya kukunia. Wavulana 11 wamezunguka, wanapokezana kukuna. Mzee akanionyesha hesabu yao, kwa sufuria ya inchi 12 ukioka mkate unaweka vipande 8 vya makaa chini na 16 juu, nikamwambia sisi hatuhesabu, tunasikiliza, wali ukianza kuita chini unapunguza moto. Wakainama wote kusikiliza. Siku ile kijana wangu alinitambulisha kwa wenzake kwa sauti kubwa, huyu ni mama yangu, na mimi najua kabla ya hapo alikuwa anaona haya nikiongea Kiingereza mbele yao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza skauti ya kanisa ilikuwa na thamani gani, jibu langu ni wajomba. Beji ni karatasi tu ya kuwaleta wale wajomba mlangoni.

Lakini nisiwadanganye, haikuwa hivyo kila mahali. Kata tuliyohamia baadaye skautimasta alikuwa kaitwa tu, hakuwa na moyo wa kambi, na miezi kama 8 wavulana walicheza basketi kila Jumatano na kurudi nyumbani. Hilo ndilo tatizo la skauti kuwa wito: anayependa na asiyependa wote wanavaa shati lile lile. Na vijana nao wengine walikuwa hawataki kabisa, wanasukumwa na mama zao wapate Eagle kwa sababu familia nzima ni Eagle.

Kwa nini waliachana? Watu huku watakupa sababu moja moja kulingana na hasira yao. Mimi naona zilipandana. 2013 skauti waliruhusu vijana mashoga, 2015 wakaruhusu viongozi watu wazima mashoga, kanisa likasema wazi halikufurahia ile ya 2015 ila likabaki, maana makanisa yaliachiwa kuchagua viongozi wao kwa viwango vyao. Mei 2017 likatangaza kuwatoa vijana wa 14 mpaka 17 kwenye zile programu zao za wakubwa kuanzia Januari 2018. Oktoba 2017 skauti wakasema wasichana wanakaribishwa. Halafu tarehe 8 Mei 2018 pande zote mbili zikatoa tangazo la pamoja, mwisho ni 31 Desemba 2019. Sababu iliyotajwa na kanisa ni kwamba waumini wengi sasa wako nje ya Marekani na Canada, na inatakiwa programu moja ya dunia nzima. Wenyeji wengi hapa waliisikia kama maneno ya kupoza. Mimi niliisikia kama ukweli, kwa sababu mtoto wa dada yangu Nairobi alikuwa kanisa lile lile, ukuhani ule ule (kwetu wavulana nao hupewa ukuhani), na hakuna aliyewahi kumpigia hodi na kitabu wala hema.

Mwaka wa mwisho, 2019, ulikuwa mbio. Kila Jumamosi kuna mradi wa Eagle mahali, vijana wanakimbiza beji kabla mlango haujafungwa. Wangu alimaliza Oktoba, alitengeneza mabenchi manne ya mbao, akasimamia watu wazima akiwa na miaka 16. Na mdogo wake mwaka huo alikuwa na mashindano yake ya mwisho ya Pinewood Derby, yale ya vigari: unapewa kipande cha msonobari, misumari minne na magurudumu manne ya plastiki, unachonga nyumbani, kisipite gramu kama 142, halafu vinashindanishwa kwenye njia ya mteremko ndani ya ukumbi wa kanisa. Babake alikuwa anarudi kazini alfajiri, wanakaa mezani jikoni na msasa kabla ya shule, unga wa mbao umejaa kwenye chai. Kigari kilishika nafasi ya sita. Kiko dirishani mpaka leo.

Januari 2020 ikaanza hii programu ninayoipima, inaitwa Watoto na Vijana. Ni rahisi kuieleza. Mtoto anaanza Januari ya mwaka anaotimiza miaka 8. Kuna maeneo manne, kiroho, kijamii, kimwili na kiakili, imetolewa kwenye Luka 2:52 pale Yesu alipozidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Kijana mwenyewe anachagua malengo yake, anapanga, anatenda, anatafakari. Hakuna orodha ya beji, hakuna kukaguliwa na mtu, hakuna unifomu ya kununua. Nyumbani ndiko kwenye kazi, kanisa linasaidia.

Ikaanza kwa bahati mbaya tupu. Mtoto wangu wa mwisho kwenye kile kisanduku cha kimwili aliandika kujifunza kuogelea, kwa penseli, na akachora bwawa. Tarehe 12 Machi kanisa likasimamisha mikutano yote duniani sababu ya korona, mabwawa yakafungwa, na ile karatasi ikakaa kwenye mlango wa friji mpaka jua likafuta maandishi. Ukisikia mtu anasema programu ilikufa siku ya kwanza, muulize anapima mwaka gani, maana 2020 hakuna kitu cha vijana kilichokwenda vizuri popote.

Tuseme kuanzia 2022 basi, ndipo pa kupima kwa haki.

Binti yangu. Huyu zamani Jumatano kaka yake anapakia mahema, yeye na wenzake wako kwenye darasa wanabandika maua kwenye karatasi. Kata nyingi hapa bajeti ya wavulana ilikuwa kubwa kuliko ya wasichana, kila mtu alijua na watu wachache walisema. Alikuwa ananiuliza mama, mimi kosa langu nini, na sikuwa na jibu. Kwenye programu mpya sanduku lake ni sawa na la kaka yake. Kiakili aliandika: kuongea na bibi kila Jumapili kwa Kiswahili peke yake, bila mama kutafsiri. Wiki za kwanza ilikuwa shikamoo, marahaba, halafu kimya kirefu kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake. Baada ya miezi kama sita wanabishana kuhusu bei ya nazi. Hakuna beji ya skauti ingempa hicho, kwa sababu hakuna mtu ofisini angejua kwamba mtoto huyu anahitaji bibi yake. Kiangazi cha 2022 akaenda FSY, kongamano la vijana wa kanisa, siku tano chuo kikuu na mamia ya vijana wengine, akarudi na sauti imekauka kwa kuimba. Hapo naipa nyota 5 bila kusita.

Na yule wa dada yangu Nairobi ana mwongozo ule ule, kwa Kiswahili, wanatumiana malengo kwa WhatsApp na mwanangu wa mwisho. Mmoja yuko kwenye theluji mwingine yuko kwenye matope ya Aprili na wote wameandika pushapu 50. Kwa sisi wenye watu pande mbili za bahari hiki si kitu kidogo. Zamani kanisa la Marekani lilikuwa na kitu kizuri ambacho kanisa la Kenya halina, sasa wote wana kitu kimoja.

Lakini, na hapa ndipo nyota zinapungua, programu hii inamwachia mzazi mzigo wote. Skauti ilikuwa na kitabu kinachosema fanya hiki, halafu hiki, na kuna mtu mzima asiye mzazi anayekaa na mtoto, anamuuliza, anaweka saini. Hii mpya inasema kijana achague. Kijana wa miaka 13 ukimwambia achague atachagua kinachomalizika Jumatatu. Kwa familia ambayo baba na mama wote wanafanya shifti, na hizo ndizo familia zetu za Kiswahili hapa, nani atakaa naye kuuliza umefika wapi? Kwenye kata moja tuliyowahi kuwa, karatasi za malengo ziligawiwa Januari, zikakusanywa, na hakuna mtoto aliyewahi kuulizwa tena mpaka Januari nyingine. Simlaumu kiongozi peke yake, hakupewa ratiba, amepewa kanuni nzuri aivalishe nyama mwenyewe. Akiwa na kipawa mambo yanawaka. Akiwa hana, ni basketi na piza.

Na porini hakuna tena. Bado kuna kambi ya Baba na Wana, bado kata nyingine zinapanda milima, lakini ule utaratibu wa kwenda kila mwezi hata kukiwa na baridi umeisha sehemu nyingi. Mwanangu wa mwisho alifika miaka 12 hajui kufunga fundo wala kuwasha moto, wakati kaka yake umri ule alikuwa analala nje Januari. Nilihuzunika sana nilipoona hivyo.

Basi Septemba 2022 tukamwandikisha kwenye trupu ya mtaa, yaani kundi la skauti, inakutana Jumanne kwenye ukumbi wa kanisa la jirani la dhehebu lingine. Wengi hawajui kwamba hii inaruhusiwa kabisa, kanisa limeacha kudhamini, halijakataza mtu kuwa skauti. Trupu zimekuwa chache kuliko zamani, Utah ilikuwa na mabaraza matatu ya skauti na 2020 yakaunganishwa kuwa moja, na nchi nzima waliporomoka kutoka karibu milioni 2 mwaka 2019 mpaka kama 762,000 mwaka 2021, kwa korona na kesi na sisi kuondoka. Sasa wanajiita Scouting America tangu Februari 2025. Kwenye trupu yetu kuna wavulana 14, na wale watu wazima hakuna aliyeitwa na askofu, wote wamekuja kwa kupenda. Tofauti unaiona dakika ya kwanza. Gharama ni zako sasa, ada, unifomu, kambi ya kiangazi, jipangeni mapema. Shati tulilipata duka la mitumba na beji za mtu mwingine nikazifumua kwa wembe.

Jambo la usalama siwezi kuliruka. Skauti walifungua shauri la kufilisika Februari 2020 kwa sababu ya madai ya watoto kudhulumiwa kingono, na wanaume zaidi ya 82,000 walijitokeza kudai. Fidia ikapangwa dola bilioni 2.46. Mengine yalitokea kwenye trupu zilizodhaminiwa na makanisa, na letu pia limo, lilijitolea kuchangia dola milioni 250 ila jaji 2022 hakukubali makubaliano yale kama yalivyokuwa, yakaondolewa. Kila nambari pale alikuwa mtoto aliyepelekwa na mama kama mimi. Kwa hiyo popote unapompeleka wako, skauti au kanisani, uliza kwa mdomo wako: usiku wa kambi watu wazima wangapi, wamefanya mafunzo ya kulinda watoto, na je, kuna mahali mtoto anabaki na mtu mzima mmoja? Kanuni pande zote mbili ni watu wazima wawili au zaidi, na kanisa tangu Agosti 2019 linataka viongozi wote wa watoto na vijana wafanye mafunzo hayo. Mimi nauliza kila kambi, na kiongozi mzuri hajawahi kukasirika nikiuliza. Akikasirika, usimwachie mtoto.

Kwa hiyo mama mgeni, ukiniuliza ufanye nini na wako: mwandikishe Watoto na Vijana, ni bure, ni ya binti na mvulana sawa, na ukae naye Jumapili dakika kumi na ile karatasi, mkiwa mnaongea Kiswahili. Usingoje kiongozi. Kama ana hamu ya pori na una nafasi kwenye bajeti, tafuta trupu pia, Jumanne haigongani na Jumatano. Na kama ni kijana aliyekuja bila babu wala mjomba, mwambie askofu wazi wazi, mwanangu anahitaji mzee, umtaje na umri wake. Yule fundi bomba wetu amezeeka sasa, hatoki wakati wa theluji, lakini aliponiona dukani mwezi uliopita kitu cha kwanza alichouliza ni kama yule mdogo amejifunza kupalia.

Bado. Kambi yao ni Ijumaa hii, wametuma orodha ya vitu, na nimeweka nazi mbili kwenye begi lake pamoja na ile mbuzi.